Gari la Mirihi na Deni la Nyumbani

Mji wa Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea; nayo reli ya TAZARA, baada ya kupanda kwa taabu kutoka bonde la Kilombero, hufika hapo na kuendelea kuelekea Mbeya. Ni mahali penye baridi na upepo mwingi. Asubuhi na mapema akina mama huwa wamekwisha kupanga viazi vyao kandokando ya barabara, na malori ya mbao husimama wakati madereva wakinywa chai. Kwa viazi hivyo na mbao hizo watoto wengi wa nyanda hizi wamesomeshwa, na wengine wamefika mpaka Chuo Kikuu.

Tumfikirie mzazi mmoja wa huko. Mwanawe amerudi likizo, nao wameketi motoni jioni. Mzazi amwuliza anajifunza nini siku hizi. Kijana ajibu kwa furaha: “Baba, mimi na wenzangu tunaunda gari la kutembea juu ya sayari ya Mirihi. Tukifaulu tutakwenda kushindana na vyuo vya nchi nyingine.” Mzee akaa kimya kitambo, kisha auliza: “Na huko Mirihi, mwanangu, anakaa nani?”

Swali hilo lisidharauliwe kwa kuwa limetoka kwa mtu asiyesoma sana. Ndani yake yamo maswali mawili mazito. La kwanza: je, ni haki watu wa nchi yenye mahitaji mengi watumie akili, muda na fedha kwa jambo lisilomlisha mwenye njaa wala kumponya mgonjwa? La pili, ambalo mzazi hakulitamka lakini lilimchoma moyoni: elimu ya mtoto huyu ni mali ya nani? Twapenda leo kuyatafakari maswali hayo pamoja na wasomaji wetu, maana twajua kwamba nyumba nyingi za Kikatoliki, toka Bukoba mpaka Mtwara, zina kijana wa namna hiyo, na mzazi wa namna hiyo pia.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Tangu mwaka 2007, karibu kila mwaka, hufanyika mashindano ya wanafunzi wa vyuo vikuu katika jangwa la Utah, nchini Marekani, karibu na mji mdogo uitwao Hanksville. Tangu mwaka 2014 hufanyika mengine kama hayo nchini Poland. Wanafunzi huunda roboti zenye magurudumu, mfano wa zile zipelekwazo Mirihi. Jangwa lile lilichaguliwa kwa kuwa ardhi yake ni nyekundu, yenye mawe na isiyo na majani, ikifanana na ile ya sayari hiyo. Gari lisizidi uzito wa kilo 50. Wale walioliunda huwekwa mahali wasipoweza kuliona. Huliongoza kwa redio na kwa kutazama picha za kamera zake tu. Yalipasa gari hilo kupanda miamba, kuchukua mizigo, kubonyeza na kuzungusha vitu kwa mkono wake wa chuma, kuchimba udongo na kuupima kama una dalili za uhai, tena mahali pengine kwenda lenyewe pasipo kuongozwa na mtu.

Masharti hayo magumu yana sababu. Gari la Marekani liitwalo Perseverance, lenye uzito wa tani moja hivi, lilitua Mirihi tarehe 18 Februari 2021. Neno la redio likitoka duniani huchukua kati ya dakika 3 na 22 kulifikia, kadiri ya umbali wa sayari hizo mbili kwa wakati huo. Dereva wa lori aonaye ng’ombe barabarani pale Makambako hukanyaga breki mara moja. Lakini dereva wa Mirihi akiliona jiwe katika picha, huenda gari lake limekwisha kuligonga zamani. Kwa hiyo gari lazima lifundishwe kuona na kuchagua njia, na mwenye kulifundisha lazima awe amefikiri mapema juu ya kila jiwe.

Wala wanaoshinda si vijana wa miji mashuhuri peke yao. Mwaka 2011, tena mwaka 2013 na 2014, ushindi wa Utah ulichukuliwa na wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Białystok, mji wa mashariki ya Poland ambao wengi wetu hatujapata kuusikia. Na vijana wa Bangladesh, nchi iujuayo umaskini na mafuriko, wamekwenda huko mara nyingi na magari yao. Basi si ajabu kijana wa Makambako naye akiota ndoto hiyo.

Sasa turudi kwenye swali. Lilikwisha kuulizwa zamani, tena na mtawa, tena katika nchi ile ile ambako reli yetu huishia. Mwaka 1970 Sista Mary Jucunda, aliyekuwa akifanya kazi Kabwe, nchini Zambia, alimwandikia barua mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Ernst Stuhlinger, ambaye alikuwa akishughulika na mipango ya kuwapeleka watu Mirihi. Sista alimwuliza awezaje kupendekeza fedha nyingi namna hiyo zitumike kwa safari ya mbinguni, hali watoto wengi duniani wanakufa kwa njaa.

Stuhlinger hakulikasirikia swali. Tarehe 6 Mei 1970 alimjibu Sista kwa barua ndefu ya heshima. Alimsimulia habari ya mtawala mmoja wa Ujerumani wa zamani, aliyewagawia maskini sehemu kubwa ya mali yake, lakini pia akamtunza mtu mmoja aliyesugua vioo vidogo na kutazama navyo vitu visivyoonekana kwa macho. Watu walinung’unika kwamba fedha zatupwa bure. Lakini kutokana na kazi ya namna ile ilipatikana hadubini, na kwa hadubini waganga walipata kuvijua vijidudu vya maradhi. Njia ndefu, alisema mtaalamu huyo kwa maana yake, huweza kuwafikia wagonjwa wengi kuliko njia fupi.

Jibu hilo lina nguvu, nasi twalikubali kwa sehemu kubwa. Mganga wa zahanati akipima malaria kwa kutazama tone la damu chini ya hadubini, anatumia matunda ya watu ambao siku zao waliitwa wachezea vioo. Hata hivyo twaona kwamba jibu hilo halitoshi, na sababu yake imo katika maisha ya yule aliyelitoa. Wakati wa vita vya pili vya dunia Stuhlinger alikuwa miongoni mwa wataalamu wa Ujerumani waliofanya kazi ya roketi za vita. Roketi hizo zilitengenezwa kwa mikono ya wafungwa, na maelfu ya wafungwa hao walikufa kwa kazi, njaa na mateso. Hatumhukumu mtu, hukumu ni ya Mungu. Lakini twajifunza kwamba elimu ile ile huweza kuinua chombo mpaka mwezini, na pia huweza kuangusha moto juu ya nyumba za watu. Kusema kwamba elimu siku moja italeta faida hakumwondolei mwenye elimu wajibu wa kuuliza leo: namtumikia nani, na ni nani anayelipa? Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alionya kwamba uwezo wa mwanadamu katika ufundi umekua kupita kukua kwa dhamiri yake. Kwa hiyo swali la Sista wa Kabwe lisidhaniwe kuwa limekwisha kujibiwa. Yafaa liandikwe ukutani katika kila karakana ya chuo.

Lakini tusije tukaanguka upande wa pili, tukadhani kwamba maskini hana haja ila chakula. Kanisa lenyewe lina kituo chake cha kuchunguza nyota, ambacho Papa Leo wa Kumi na Tatu alikianzisha upya mwaka 1891. Mkurugenzi wake toka mwaka 2015 hadi 2025 alikuwa Bruda Guy Consolmagno, Mjesuti wa Marekani. Bruda huyu, kabla hajaingia utawani, alipatwa na wasiwasi ule ule: kwa nini achunguze nyota, hali watu wana njaa? Aliiacha kazi yake akaja Afrika ya Mashariki, akafundisha nchini Kenya toka mwaka 1983 hadi 1985. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipokwenda vijijini na darubini yake, watu walipanga foleni kutazama mwezi na sayari, wakashangilia vilevile kama watu wa kwao Marekani. Ndipo alipotambua kwamba hamu ya kujua ni sehemu ya kuwa mtu. Ng’ombe hushiba akalala. Mtu hushiba akatazama juu na kuuliza. Anayesema kwamba mtoto wa mkulima asisumbuliwe na mambo ya nyota, huyo, hata kama ana huruma, anamhesabu mtoto yule kuwa pungufu ya watoto wengine.

Hivyo swali la kwanza twalijibu namna hii: si dhambi, wala si upuuzi, kijana wa nchi maskini kuunda gari la Mirihi. Mwenyezi Mungu aliyeiumba Makambako ndiye aliyeiumba Mirihi, na akili ya kuzichunguza zote mbili ni zawadi yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba viumbe vina sheria zao alizoziweka Muumba, na kwamba mwenye kuzitafuta kwa uaminifu hapingani na imani. Linabaki swali la pili, nalo ndilo gumu.

Elimu ya kijana huyu ni mali ya nani? Vijana wengi wa siku hizi wangejibu, “Ni yangu, mimi ndiye niliyekesha na vitabu.” Wazazi wengi wangejibu, “Ni yetu. Sisi ndio tuliolipa ada.” Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini wote wawili wameacha watu wengi nje ya hesabu. Yuko mwalimu wa shule ya msingi aliyemfundisha kusoma. Wako walipa kodi, ambao kwa fedha yao chuo kinaendeshwa na mikopo inatolewa. Na miongoni mwao yumo mama auzaye viazi, ambaye mtoto wake hakupata nafasi. Wako watawa waliojenga shule na hospitali wakazikwa huku, mbali na kwao. Katika mfano wa talanta, kama Mt. Matayo alivyouandika, watumishi hawakupewa fedha iwe yao. Walikabidhiwa, na bwana alirudi kuifanya hesabu. Elimu ni amana ya namna hiyo.

Ikiwa ni amana, yalipwaje? Hapa twapenda kuonyesha jambo ambalo vijana wa karakana hizo walijua pengine kuliko sisi waandishi. Kundi la wanafunzi lina shida ambayo haimo katika karakana ya kawaida: kila mwaka mafundi wake walio bora huondoka. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu, minne. Katika mwaka wa kwanza hajui kitu, na katika mwaka wa mwisho, akiwa amekwisha kujua, anaaga. Kundi ambalo wakubwa wake huficha ujuzi ili wasifiwe peke yao, hufa siku wanapohitimu. Kundi linalodumu ni lile ambalo wakubwa humketisha mdogo kando yao wakamwonyesha jinsi ya kulehemu waya. Na tena huandika makosa yao wazi, kwamba mota hii iliungua kwa sababu hii, gurudumu lile lilivunjika kwa sababu ile, ili mwingine asiyarudie. Yule mdogo hawezi kuwalipa wakubwa wake, kwa maana wamekwisha kwenda. Deni lake hulilipa kwa kumfundisha atakayekuja.

Mfano tunao hapa jirani. Karibu mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, waliingia katika kazi ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi ya kubuni gari jipya, na mwaka 2008 gari hilo likaonyeshwa Torino, Italia. Waliporudi hawakukunja mikono. Mwezi Novemba 2011, Kampala ilishuhudia gari dogo la umeme la watu wawili, liitwalo Kiira EV, lililoundwa pale chuoni. Mwaka 2014 kazi ile ikawa kampuni ya taifa, na mwezi Februari 2016 likaonyeshwa basi la abiria 35, Kayoola, lenye kusaidiwa na nguvu ya jua. Walikuwapo waliouliza, na kwa haki, kama fedha hizo zisingefaa zaidi katika hospitali. Wala hatusemi kwamba kazi imekamilika. Kutoka gari moja la maonyesho mpaka magari ya kila siku ni mwendo mrefu. Lakini yatupasa kuona kwamba walioanza na walioendeleza hawakuwa wanafunzi wale wale. Wengine walihitimu, wengine wakapokea. Kama kila darasa lingejiona kuwa mwisho wa safari, gari la Torino lingebaki picha ukutani.

Basi twasema kwamba deni la elimu hulipwa namna mbili. Nyuma hulipwa kwa heshima: Amri ya Nne haifutwi na shahada, na mtoto aliyesahau kumtunza mama yake aliyezeeka hana ushindi wa kujivunia hata akileta nishani. Lakini deni lote haliwezi kulipwa nyuma. Mzazi akidai kila shilingi aliyoitoa, na tena faida yake, amemgeuza mtoto kuwa shamba. Sehemu kubwa ya deni hulipwa mbele, kwa wale wanaokuja baada yetu, ambao hawakutukopesha kitu.

Nasi twajua mahali pa kuanzia. Gari la Mirihi lina sifa moja kuu: huko liendako hakuna fundi. Likiharibika, hakuna wa kulishika. Gari liitwalo Opportunity lilitua huko mwezi Januari 2004, likitazamiwa kufanya kazi siku 90 hivi. Likadumu mpaka mwaka 2018, kwa sababu walioliunda na kuliongoza walifikiri kwa uangalifu juu ya kila kitu kinachoweza kuharibika. Je, wasomaji wetu hawajui mahali hapa hapa nchini palipo vivyo hivyo? Zahanati ngapi zina jokofu la chanjo lililonyamaza, na fundi yuko mbali safari ya siku mbili? Ni pampu ngapi zimesimama kwa kukosa kipuli kidogo? Huko Ikonda, wilayani Makete, Wamisionari wa Konsolata walijenga hospitali kati ya milima, nayo, kama kila hospitali iliyo mbali na miji mikubwa, yahitaji mashine imara na watu wenye kuzijua. Kijana aliyejifunza kuunda chombo kitakachofanya kazi mbali na kila msaada, amejifunza jambo lile lile linalohitajiwa na mlima wa kwao. Akitaka.

Neno hilo, “akitaka,” ndilo lenye uzito wote. Karakana haiwezi kumpa mtu utashi mwema. Inaweza kumpa ukweli, kwa kuwa mashine haidanganyiki: waya uliounganishwa vibaya hautawaka kwa sababu mwenye kuuunganisha ni mtoto wa mkubwa. Inaweza kumpa unyenyekevu, kwa kuwa atashindwa mbele ya watu wengi, na mwaka ujao atarudi. Lakini kupenda jirani kunafundishwa nyumbani na kanisani, kabla ya chuo, na mafundisho hayo ni wajibu wetu sisi wazazi.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wasiwacheke watoto wao waletapo habari za Mirihi, wala wasiwakataze. Waulize, wasikilize, na tena wauma sikio: “Na hapa nyumbani, mwanangu, chombo hicho kingetufaa nini?” Nanyi vijana, msilionee haya swali la mzee, ni mtihani mgumu kuliko ule wa chuoni. Kila likizo chagueni jambo moja: taa ya jua ya parokia iliyozimika, au watoto wa kidato cha pili wasiopata kushika betri na waya kwa mikono yao. Fanyeni hilo moja vizuri, na mwachieni mtu wa kijiji ujuzi wake kabla hamjaondoka, kama mlivyoachiwa ninyi. Nao walio na shule za Jimbo, wawaalike vijana hao waje waseme na wanafunzi, kwa maana mtoto humwamini zaidi aliyetoka katika kijiji chake.

Na jioni nyingine pale motoni, mzee wa Makambako akiuliza tena ni nani akaaye Mirihi, kijana aweza kumjibu bila aibu: “Hakuna mtu, Baba. Nimejifunza kwa ajili ya huko namna ya kutunza kitu mahali pasipo na fundi.” Kisha ainuke, achukue bisibisi yake, aende akaitazame ile pampu ya kijiji ambayo tangu masika haijatoa maji. Hapo mzee atakuwa amepata jibu lake, na Sista wa Kabwe sehemu ya lake. Mungu aibariki mikono ya vijana wetu, na awape macho ya kuona mbali na karibu.